MJADALA: Lami ikija mtaani, miti na mabaraza yaondoke?

Mwana wa Chuno: Wanajamvi, Mtwara kuchele. Mtaani kwetu tumeambiwa lami inakuja, kwa hiyo miarobaini ya kandokando ikatwe na mabaraza ya nyumba yaliyovuka mpaka yavunjwe. Vumbi litapungua, hilo sibishi. Lakini jua la Novemba mnalijua, na lami hunywa joto mchana ikalitema usiku. Mzee mwenye presha atapita wapi saa nane mchana? Naona tunatibu kifua huku tunaumiza moyo.

Shangani Bichi: Miti ikatwe, lami ipite. Na hayo mabaraza ndiyo chanzo cha maradhi. Akina mama wa Magomeni wanakaa kutwa wanasukana, kesho wamejaza foleni ya kliniki ya sukari. Watembee!

Mama Ming'oko: Kaka, mimi ni wa Magomeni. Alfajiri niko sokoni, mchana nazunguka na beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kichwani, Chikongola mpaka Majengo, kwa miguu. Jioni nikikaa barazani kupumzisha mgongo ndipo umeniona? Wewe dukani tu unaenda na bodaboda.

Shangani Bichi: Dada, sikukutaja. Ila wataalamu wanasema mtu mzima afanye mazoezi dakika mia na kitu kwa wiki. Kuuza ming'oko si mazoezi.

Mwalimu Mstaafu: Ni dakika 150, mjukuu wangu, za Shirika la Afya Duniani, na mwendo wa kazini umo ndani yake. Hawakusema lazima uvae raba. Huko kwenu Shangani kuna nafasi kwa sababu ndiko Wazungu walikojipangia makazi, mji ulipochorwa kwa ajili ya bandari ya kusafirisha karanga za mradi wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Huku uswahilini kivuli tumepanda wenyewe. Ndicho mnachotaka kukikata.

Shangani Bichi: Shikamoo babu, lakini mkoloni kaingiaje hapa? Mimi nimezaliwa Shangani, sikugawiwa na Mwingereza.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hukugawiwa, umerithi.

Bajaji ya Mkanaledi: Nyie gombaneni. Sisi barabara kuu tunameza vumbi la malori ya makaa ya mawe ya Ruvuma yanayoshuka bandarini. Na lami bila mtaro ni balaa jingine. Wa kwetu umeziba, mbu wanatubeba, malaria nyumba nzima.

Nesi Mikindani: Kaka, mbu wa mtaro mchafu kwa kawaida siye wa malaria. Wa malaria hupenda maji masafi zaidi. Huyo wa majitaka ndiye anayetuenezea matende na mabusha. Mnadhani tulimezeshwa zile dawa kwa sababu gani?

Mzee wa Feri: Binti yangu, mabusha ni madafu. Wazee wetu walisema, na walikuwa hawana mtaro.

Nesi Mikindani: Baba yangu, kwa heshima zote, hapana! Ni minyoo midogo inayoingizwa na mbu. Dafu halina kosa. Kauli hiyo ndiyo inayowafanya wanaume wafiche ugonjwa miaka na miaka, wakati busha lina upasuaji na mtu akapona.

Mzee wa Feri: Mbona mimi nimeumwa na mbu tangu utoto na ni mzima?

Nesi Mikindani: Kuumwa mara moja mbili hakutoshi, baba. Inataka kung'atwa sana, kwa muda mrefu. Ndiyo maana nauliza, huo mtaro nani atauzibua?

Bajaji ya Mkanaledi: Wanaotupa taka humo. Wauza chakula nao wamo.

Mama Ming'oko: Maganda yangu narudi nayo na beseni. Usinitie humo.

Mwana wa Chuno: Jamani, kikao cha mtaa ni Jumapili. Niende niseme nini kuhusu miti?

Mama Ming'oko: Sema ibaki, lami ipindishwe. Na mabaraza pia. Jirani yangu alianguka kwa presha mchana, tukamwahi kwa sababu tulikuwa nje tunasukana. Shangani Bichi, nasubiri ufute kauli yako.

Shangani Bichi: Sifuti. Nilisema wanaokaa kutwa.