Ripoti kurasa 84, swali moja: "Na MoMo iko wapi?"

Baiti_Mbichi (mleta uzi)

Wadau, mradi wangu wa chuo umetetewa mbele ya watahini dakika ishirini zilizopita na nina hasira za kung'oa projekta darini. Yule mtahini mnamjua. Yule wa kiti cha kati, kalamu nyekundu nyuma ya sikio, anayefungua ripoti kuanzia nyuma kama anatafuta matokeo ya mpira. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

Mradi ni wa SMS kwa ushirika wa maziwa upande wa Mbarara. Karani anapima lita kituoni, anaingiza, mkulima anapata ujumbe kwenye simu yake ya tochi. Sura ya 6 yote ni tathmini. Lengo la 1, kukusanya mahitaji: yamepatikana 14, kila moja na namba yake, na jedwali linaloonyesha namba hiyo imeishia skrini gani na imepimwa kwa jaribio gani. Mawili yameachwa, sababu imeandikwa. Lengo la 2, usanifu: michoro ya databesi ipo. Lengo la 3, ujumbe umfikie mkulima ndani ya sekunde 60: zimetumwa 50, zimewahi 46, tatu zimechelewa, moja haijaonekana mpaka leo. Lengo la 4, mfumo uwe rahisi kutumia: dodoso lile la maswali 10.

Jamaa kapindua kurasa. Katazama skrini. Katazama dirisha. Kasema: "Na MoMo iko wapi?"

MoMo, yaani malipo ya pesa kwa simu! Banange! Mipaka ya mradi iko ukurasa wa 5 kwa herufi nzito: mfumo hautatuma wala kupokea pesa. Fundi kajenga zizi, unamuuliza mbona halina lifti? Fomu ya alama ina mstari wa "malengo kutimizwa", alama 20. Kaandika 8. Nane! Hata yule ng'ombe wa kwenye kava angepewa kumi.

"Na MoMo iko wapi." Tena kwa upole, kichwa kakiinamisha, kama anaulizia habari za nyumbani.

Mama_Kompaila

Hahahaa, huyo! Mtu kaleta modeli ya kompyuta ya kutambua ugonjwa wa batobato ya muhogo kwa picha ya jani, kaulizwa kama inaweza pia kutambua wezi wa muhogo. Pole mwanangu. Lita moja ya maziwa unywe wewe leo.

Semikoloni_Imepotea

Pole ndugu, ila hizo 46 kati ya 50 zimepimwa kwa saa gani? Muda wa kutuma umetoka kwenye seva, wa kufika umetoka kwenye simu, au vipi? Saa za simu za tochi zinawekwa kwa mkono, moja iko mbele dakika mbili, nyingine nyuma tatu. Basi sekunde 60 zako ni za kukisia. Chukua ripoti ya kufika inayorudishwa na mtandao, ipigwe mhuri wa saa na seva ileile iliyotuma. Na uhakikishe zote mbili ziko kwenye majira mamoja. Seva ikiwa UTC (majira ya kimataifa, saa tatu nyuma ya Kampala) na rekodi nyingine iko saa za Kampala, utaona ujumbe umefika saa tatu baadaye.

Halafu 50 zote mfululizo, usiku, laini moja? Zigawe: asubuhi wakati wa kupokea maziwa, jioni, MTN na Airtel.

Baiti_Mbichi

Ssebo, angeuliza HAYO ningempa mkono na soda juu. Kauliza MoMo!

Chapati_Mbili

Mimi nataka lengo la 4. "Rahisi kutumia" ni lengo au ni dua? Rahisi kwa nani, kwa kazi gani, kwa dakika ngapi? Ungeandika "karani mpya aingize kumbukumbu 10 ndani ya dakika 5, makosa yasizidi 1", hapo hata mwenye kalamu nyekundu angebanwa.

Na hilo dodoso la maswali 10, kama ni SUS (lile la kawaida la kupima urahisi wa mfumo), tuambie hesabu umefanyaje. Maswali ya namba witiri unatoa 1 kwenye jibu. Ya namba shufwa unatoa jibu kwenye 5. Unajumlisha, unazidisha kwa 2.5, unapata kati ya 0 na 100. Siyo asilimia, na wastani unaozoeleka ni kama 68.

Baiti_Mbichi

Wastani ulikuwa 4.3 kati ya 5. Ni juu sana.

Chapati_Mbili

NILIJUA. Umejumlisha yote kama maharage! Shufwa zote zimegeuzwa, zinasema mfumo ni mgumu, unachosha, unahitaji fundi. Aliyeweka 5 mstari mzima ukimkokotoa sawasawa anapata 50. Una wastani wa 4.3 maana yake watu walikuwa wanaweka tiki bila kusoma.

Dada_wa_Databesi

Watu gani lakini? Baiti, dodoso lilijazwa na wakulima?

Baiti_Mbichi

Lilijazwa na watumiaji.

Dada_wa_Databesi

Wa Mbarara?

Baiti_Mbichi

Wa hosteli.

Mama_Kompaila

Uwiiii 😂😂 Watu ambao maziwa wanayajua kwenye pakiti! Wamepimaje lita?

Semikoloni_Imepotea

Nane ilikuwa huruma.

Nusu_Rolex

Subirini, subirini. Baiti aliweka muhtasari wake kwenye uzi wa mwezi uliopita, nimeurudia. Lengo kuu, nanukuu: "kubuni mfumo utakaorahisisha kumbukumbu na MALIPO ya maziwa kwa wakulima." Malipo, mkubwa. Umeyaweka mwenyewe kwenye lengo kuu, ukayatoa kwenye mipaka, na hakuna lengo mahususi linaloyagusa. Mtahini anashika sentensi ya kwanza na kuitafuta kwenye malengo madogo. Asipoiona, anauliza iko wapi.

Baiti_Mbichi

Malipo maana yake HESABU ya malipo! Lita mara bei! Kila mtu anaelewa!

Nusu_Rolex

Basi andika "hesabu ya malipo". Neno moja lingekupa alama zako. Na hiyo hesabu umeipima? Mkulima aliyeleta lita 7.5 siku 15, bei ikabadilika katikati, jumla inatoka ngapi?

*(Baiti_Mbichi hajajibu)*

Fundi_wa_SMS

Mimi nimeona jambo lingine. Ujumbe una neno "ng'ombe"? Ulinakili maneno kutoka Word? Word inakupa kile kiapostrofi kilichopinda. Hakimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, kwa hiyo ujumbe wote unageuzwa Unicode (alfabeti pana, kila herufi inakula nafasi zaidi), na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wako wa herufi 120 unakatwa vipande viwili na unalipa mara mbili. Hizo tatu zilizochelewa, ningeanzia hapo: kipande kimoja kimefika, mwenzake yuko njiani, na simu inasubiri viungane. Weka kiapostrofi kilichonyooka, pima upya.

Baiti_Mbichi

...ninaangalia.

Kimepinda.

Mama_Kompaila

Ng'ombe kamponza mwenyewe 😭

Kamiti_Moja_Tu

Nyinyi mnalia na wakulima, afadhali nyinyi. Sisi kikundi cha watu wanne, msimbo kaandika mmoja, alama tumepewa sawa sawia. Watahini si waendeshe tu amri ya `git shortlog -sn`, inayohesabu kamiti (mabadiliko ya msimbo yaliyohifadhiwa) za kila mtu, waone nani kafanya nini? Dakika moja!

Semikoloni_Imepotea

Hiyo inahesabu kamiti, haihesabu kazi. Mwenzako atasukuma nafasi tupu mara 200 usiku wa mwisho na atakupita. Aulizwe afungue faili moja, abadilishe sharti moja, aendeshe mbele ya watu. Asiyeandika atatafuta faili kwanza.

Dada_wa_Databesi

Na hao wa modeli za majani je? Wanatangaza usahihi wa asilimia 95 na kupigiwa makofi. Picha 1,000, majani mazima 950. Modeli inayosema "zima" kila mara, macho imefumba, inapata hiyohiyo 95! Lengo lilikuwa kutambua ugonjwa. Waulizeni, kati ya majani 50 yanayoumwa wameyanasa mangapi.

Mama_Kompaila

Usiguse muhogo wangu Dada.

Dada_wa_Databesi

Mama, wameyanasa mangapi?

Kamiti_Moja_Tu

Mimi nimeuliza habari ya vikundi hamjanijibu.

Chapati_Mbili

Vikundi, modeli, yote hayana maana umeme ukikatika dakika ya tatu. Rekodi video ya mfumo ukifanya kazi, iweke kwenye laptopu na kwenye simu. Projekta nyingi za kumbi zile ni za zamani, picha yake 1024 kwa 768. Usipopunguza skrini kabla, kitufe cha "hifadhi" kinabaki nje na utaambiwa hukutengeneza.

Nusu_Rolex

Na adapta ya kuunganisha laptopu na projekta. HDMI kwenda VGA si waya tu, lazima iwe yenye saketi ndani ya kubadilisha ishara, nyingine zinataka na umeme wa USB. Ile ya bei ya chapati haionyeshi kitu.

Kijana_wa_Kesho

Wadau samahani, nimeingia sasa hivi. Nani ana hiyo adapta, yenye saketi? Natetea kesho saa tatu asubuhi, niko Kikoni, naja kuichukua kwa boda.