Nimeimba wimbo wa taifa nimesimama wima, yeye kakaa anamenya ming'oko!

Mmawia wa Chuno ameanzisha uzi:

Wakuu, natetemeka ninavyoandika. Nimetoka pale Uhamiaji Mtwara sasa hivi, nimejibanza kwa muuza kahawa na kikombe chenyewe sijakigusa.

Yule jamaa. Mnamjua. Kila aliyewahi kupanda zile ngazi na faili kwapani anamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kalamu tatu mfukoni, na ukifika wewe anaazima yako.

Leo ilikuwa usaili wangu wa uraia wa tajnisi, ule wa kuomba, si wa kuzaliwa. Nimeanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda kwa mtendaji wa kata, nikapanda wilayani, nimechukuliwa alama za vidole mpaka vidole vyenyewe vinaelekea kuisha. Nimetangazwa gazetini kwamba fulani anaomba uraia, mwenye sababu ya kumpinga aandike. Mtaa mzima umesoma. Hakuna aliyeandika hata mstari.

Nikaingia na suti ya harusi yangu. Maswali yakaanza, nikayajibu. Muungano, 26 Aprili 1964. Aliyepandisha mwenge Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda, 1961. Rangi za bendera nikamtajia zote nne na maana zake. Akauliza mikoa mingapi, nikasema 31. Akasema 30. Nikamwambia mzee, Songwe umeanzishwa 2016, ndio maana ni 31. Akanikazia macho: "Unabishana?" Nikanyamaza. Muhuri uko kwake.

Basi akaegemea kiti akasema, "Haya, tuimbie wimbo wa taifa."

Nikasimama. Visigino pamoja, mikono ubavuni. Ubeti wa kwanza, ule wa Afrika, yeye yuko kwenye simu. Nikasema moyoni haya, ana mambo mengi. Nikaingia ubeti wa pili, ule wa Tanzania, ule ambao ndio uliokuwa umenipeleka pale. Akainama chini ya meza, akaibuka na mfuko wa rambo, akatoa ming'oko, vile viazi vya porini, akaanza kumenya.

MING'OKO. Wimbo wa taifa unaimbwa. Na kakaa!

Nikapunguza sauti nikidhani labda amesahau nipo. Akanyanyua kidole: "Endelea, nakusikia." Mdomo umejaa. Maganda anayaweka wapi? Juu ya faili langu. Juu ya picha yangu. Kufika mwisho wa ubeti sura yangu imeshafukiwa, linaonekana sikio tu.

Mimi nimezaliwa Mueda, Msumbiji. Mama alinivusha Ruvuma niko mgongoni, tukikimbia vita vya Renamo. Babu yangu, baba yake mama, alifunzwa bunduki Nachingwea, hapa hapa Lindi, enzi Frelimo wanampiga Mreno na Mwalimu amewafungulia mlango. Nimesoma shule ya msingi hapa Mtwara. Bendera ikipanda asubuhi hukohoi, hujikuni, mbu akikuuma unamwacha amalize. Mwalimu wetu alimchapa kiranja kwa sababu alipiga chafya. Hiyo ndiyo Tanzania niliyofundishwa, ukisikia wimbo ule unasimama, hata kama uko na kidonda mguuni.

Leo nimeutafuta uraia wa nchi hiyo mbele ya mtu aliyeshindwa kunyanyua makalio.

Mke wangu Mtanzania. Watoto Watanzania. Mikorosho niliyopanda ni ya Tanzania. Ndani ya nyumba niliyojenga kwa mikono yangu mgeni ni mimi peke yangu. Yote hayo nimeyabeba, sijawahi kulalamika. Lakini ming'oko hapana. Angeniambia nisubiri ale amalize, ningesubiri mpaka magharibi. Angetoka nje. Angeila ubeti wa kwanza basi! Kwa nini ule wa Tanzania?

Sitaki ushauri. Nataka mtu aniambie, kati ya aliyesimama na aliyekaa, nani alipaswa kusailiwa?

---

Kidau cha Msangamkuu:
Pole sana mkuu. Swali dogo: alikukaribisha?

Anko Ligula:
😂😂😂 "linaonekana sikio tu"

Mmawia wa Chuno:
Kidau, usinichokoze leo. Hakunikaribisha, na angenikaribisha ndio ingekuwa balaa zaidi. Nile huku naimba?

Binti Mikindani:
Kaka yangu pole, ila tuseme kweli, ilikuwa saa ngapi? Kama ni saa saba mchana na mtu hajala tangu asubuhi, halafu ming'oko yenyewe ndio msimu wake... Mimi najijua, ningemenya.

Mmawia wa Chuno:
Saa tatu asubuhi, dada! Saa TATU. Chai bado inafuka mezani kwake. Huyo hakuwa na njaa, alikuwa na dharau.

Mzee wa Mahurunga:
Huyo huyo. Kalamu tatu. Mwanangu, afadhali wewe uliyezaliwa ng'ambo ukaulizwa. Mimi nimezaliwa Mahurunga, baba kazaliwa Mahurunga, kitovu chetu kiko pale. Nimekwenda kufuatilia kitambulisho cha taifa nikaambiwa nimtaje babu mzaa babu, alizikwa wapi, na nani aliyekuwepo mazishini. Nikamwambia waliokuwepo nao wameshazikwa. Akaandika "ana mashaka".

Sisi watu wa mtoni Ruvuma tumekuwa hivyo tangu kijiji cha Kitaya kivamiwe na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji ile Oktoba 2020. Tuliopoteza watu ni sisi, tuliokimbia na magodoro kichwani ni sisi, halafu ukifika mjini ukifungua mdomo wakasikia lafudhi, unaanza kuulizwa babu.

Anko Ligula:
Mzee hapo umenigusa. Kaka yangu wa Kilambo yalimkuta hayo hayo, jina lake tu linaishia na "-o" wakasema ni la Kireno. Jina lenyewe Mateso!

Wakili wa Kijiweni:
Tuwekane sawa kisheria. Sheria ya Uraia ya 1995 inataka uwe umekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi uwe umekaa jumla isiyopungua miaka 7. Ujue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Uwe na tabia njema. Uwe na mchango kwa nchi na nia ya kuendelea kuishi hapa. Mwenye kauli ya mwisho ni Waziri wa Mambo ya Ndani, si mla ming'oko. Na hakuna kifungu kinachosema mwombaji aimbe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ungekuwa mwanamke umeolewa na Mtanzania, kuna njia ya ndoa. Mwanamume aliyeoa Mtanzania sheria hiyo haimpi njia hiyo, anapanga foleni ya tajnisi na watu wengine wote.

Kidau cha Msangamkuu:
Kwa hiyo suluhisho ni aolewe 😂😂

Mmawia wa Chuno:
Wakili, miaka saba mimi ninayo mara nne na chenji inabaki. Na kuimba sijakataa! Ningeimba beti kumi, ningeimba na kiitikio cha wanakwaya. Tatizo si mimi kuimba, tatizo ni yeye kukaa. Mbona hamnielewi? ANAMENYA. Kakaa. Ubeti wa Tanzania.

Na hilo la ndoa ndilo linaloniuma kila siku. Mke wangu angekuwa mwanamume na mimi mwanamke, tungekuwa tumemaliza zamani. Mapenzi ni yale yale, watoto ni wale wale.

Chale za Newala:
Nendeni kwa Wamakonde wa Kenya mkajifunze. Wale babu zao walitoka Msumbiji kwenda mashamba ya mkonge na miwa pwani ya kule, wakakaa miongo bila kitambulisho, hata laini ya simu unasajiliwa kwa jina la jirani. Mwaka 2016 wakasema basi, wakatoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Kwa MIGUU. Sasa hivi wanahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wewe umeonyeshwa ming'oko kidogo tu umekuja kulia mtandaoni.

Mmawia wa Chuno:
Silii. Nimekasirika. Kuna tofauti.

Binti Mikindani:
Chale, kutoka Chuno kwenda ofisini ni dakika kumi kwa bodaboda, atatembea wapi huyu 😂

Mmakonde wa Houston:
Wadau, mimi nimefanya mtihani wa uraia wa Marekani, ngoja niwape picha. Maswali yote wanayatoa hadharani, unayasoma nyumbani na familia. Zamani yalikuwa 100, msaili anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 umevuka. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wamebadilishiwa, orodha ni 128, unaulizwa mpaka 20, unatakiwa upate 12. Halafu unasoma sentensi moja ya Kiingereza na kuandika moja. Aliyenisaili mimi alikuwa mama mtu mzima, aliniuliza kwa nini bendera yao ina mistari 13, nikamjibu ni yale makoloni ya mwanzo, akatabasamu. Hakuna kuimba, hakuna kula. Na nikikosea ninaambiwa nimekosea nini, haniambii Songwe haipo.

Lakini malipo yake nimeyaona. Siku nilipokula kiapo huko, uraia wa Tanzania umekufa. Nimezaliwa Ligula mimi! Jando nimechezewa Newala! Nikija kumzika mama yangu nahitaji viza. Mwandishi analia kaimba mbele ya mtu anayekula, mimi nchi yangu hata kuimba siruhusiwi. Uraia pacha lini?

Anko Ligula:
Ndio hao wanakuja. Uzi wa mtu wa Chuno, yeye kashatupeleka Houston.

Chale za Newala:
Houston, uliapa mwenyewe, hakukushikia mtu panga. Uraia pacha utakuja kupandisha bei ya viwanja vya Shangani ya Mtwara, basi. Tuacheni.

Mmakonde wa Houston:
Viwanja vya Shangani mmeviuza wenyewe kwa watu wa Dar wakati wa gesi, msinisingizie.

Mzee wa Mahurunga:
Na mkumbuke hii habari ya ugeni ina pande mbili. 2017 kule Montepuez, Msumbiji, kwenye mawe mekundu ya rubi, vijana wetu walifukuzwa na wenye nchi. Mpwa wangu alirudi na nguo alizovaa. Hakuulizwa mikoa ya Msumbiji wala hakuambiwa aimbe. Kiboko tu na lori.

Kidau cha Msangamkuu:
Mzee, mpwa wako alikuwa anachimba bila kibali. Tuseme ukweli.

Mzee wa Mahurunga:
Na wewe unavua bila leseni, nikutaje?

Binti Mikindani:
🔥🔥🔥 kidau kimetoboka

Mmawia wa Chuno:
Jamani turudi. Uzi ni wangu. Nimesema hivi: mtu wa umma, kwenye kiti cha umma, juu yake kuna picha ya Rais ukutani inamtazama, wimbo wa taifa unaimbwa na mtu anayeutamani uraia kuliko chochote, na yeye ANAMENYA. Nilipomaliza hakusema hata "kaa". Alipangusa mikono kwenye barua yangu ya utambulisho, akasema "tutakuita". Barua ya mtendaji wa kata ina alama ya dole la mafuta. Hilo dole ndilo linakwenda Dodoma kama sehemu ya maombi yangu!

Korosho Daraja la Kwanza:
Nimesoma yote. Pole mkuu. Hivi hapo Chuno mmeshapata salfa, dawa ya mikorosho? Huku Tandahimba ugonjwa wa ubwiri unga umeshaanza kushika maua na mifuko tuliyoandikishiwa hatuioni.

Anko Ligula:
Usiniambie! Mimi mgao wangu nimeukuta umeshasainiwa na mtu mwingine. Sahihi nzuri kuliko yangu.

Chale za Newala:
Kwetu imekuja, ila mtu mwenye mikorosho mia tano kapewa sawa na mtu mwenye mitano. Ukiuliza unaambiwa daftari ndilo linasema hivyo.

Mmawia wa Chuno:
Salfa inaingiaje hapa???

Korosho Daraja la Kwanza:
Mkuu, kila mtu ana uchungu wake. Wewe uraia utaupata hata Desemba, ua la korosho halisubiri. Likiungua sasa, mnadani napeleka nini Oktoba? Majani?

Binti Mikindani:
Na hata ukivuna, uombe barabara iwepo. 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mimi nilikuwa na mzigo wa dagaa kwenye fuso. Fuso zima lilinuka mpaka polisi wakatuhurumia.

Wakili wa Kijiweni:
Kwa suala la salfa, mkulima aombe kuona daftari la usajili la kijiji. Nendeni kwa afisa ugani na mwenyekiti, kwa maandishi, mbaki na nakala.

Anko Ligula:
Wakili, daftari lenyewe anakaa nalo shemeji wa yule aliyesaini mgao wangu.

Chale za Newala:
Nipe jina lake inbox, nahisi ndiye huyo huyo wa kwetu.

Kidau cha Msangamkuu:
Kuna anayejua kama pantoni ya Kilambo inavuka leo? Nina mzigo Namoto, ng'ambo ya Ruvuma, tangu jana na barafu inaisha.

Mzee wa Mahurunga:
Maji yako chini, haivuki. Tafuta mtumbwi, na uende na hela ndogondogo, kule chenji hawana.