Nahitaji 48,000 za safari ya Mombasa Desemba, nipunguze wapi nyumbani?

MamaMwariki (mwanzishaji), Jumatatu saa 3:40 usiku

Hamjambo wapendwa. Nimesoma hapa kimya kimya zaidi ya mwaka, leo nimeona niombe nami, maana sina wa kumuuliza.

Tunaishi Nakuru, upande wa Mwariki, mimi na baba watoto na watoto watatu: wa miaka 12, 8 na 4. Mzee anafanya kazi ya zamu kwenye kinu cha unga, mshahara 28,000. Mimi nauza chapati na maharagwe asubuhi kando ya barabara. Siku nzuri nabaki na 600, siku ya mvua hata 150.

Nataka Desemba hii tufike Mombasa. Hesabu yangu ni hii: treni kwenda na kurudi 15,000; nauli za Nakuru hadi Nairobi na za huku na kule 7,000; nyumba Mtwapa, pale karibu na Mombasa, usiku sita 18,000; chakula huko 8,000. Jumla 48,000.

Kwa mwezi natoa: nyumba 8,500, chakula kama 14,000, stima 1,200, maji 700, nauli ya mzee 2,400, chama cha kupokezana pesa kwa zamu 2,000. Gesi ya kilo 13 inanimalizikia kwa wiki sita. Halafu mambo ya shule, hayo hayaishi.

Nipunguze wapi? Naomba tu msiniambie nisiende.

GorogoroMbili, saa 4:05 usiku

Dada, hiyo 14,000 ya chakula ndiyo inayokumaliza. Unanunua unga wa pakiti? Acha. Nunua mahindi kwa gorogoro, yale makopo ya kupimia, peleka posho mill, ugali wa unga wa kusaga unashibisha na watoto hawarudi jikoni saa tisa kutafuta mkate. Mahindi mapya ya Kitale yakianza kushuka, Oktoba kwenda Novemba, chukua gunia zima mgawane na jirani.

Mafuta ya kupikia ya kupimiwa ya shilingi hamsini hamsini yaache kabisa. Piga hesabu ya mwezi mzima uone ni lita ngapi umelipa ukaletewa ngapi.

Na gesi: wewe unachemsha maharagwe ya biashara kila siku. Loweka usiku, asubuhi chemsha mpaka yaanze kulainika, kisha funika sufuria, iweke ndani ya kapu lenye blanketi kuukuu na uifunge vizuri. Yataiva yenyewe. Yangu naitoa saa sita mchana bado inachoma vidole.

Kinyozi58, saa 4:30 usiku

Mimi nilienda na familia 2018, kwa basi la usiku. Mdogo alitapika kuanzia Mtito Andei mpaka Voi, juu ya suti yangu ya harusi niliyovaa ili shemeji wa Mombasa anione mtu. Tulifika, watoto wakaona bahari dakika tano, wakaomba chipsi. Chipsi zipo Nakuru.

Lakini akiba nilipata hivi: kila kichwa cha kumi nilichonyoa, pesa yake iliingia mkebe wa maziwa ya unga uliochomelewa mfuniko. Wewe fanya hivyo kwa chapati.

Mwana_wa_Dunga, saa 4:52 usiku

Mama, njoo Kisumu. Kutoka kwenu ni kama kilomita 180, mnaondoka asubuhi na mchana mnakula samaki. Watoto wapande boti Dunga, waone viboko, siku ya pili mpande mwamba wa Kit Mikayi kule barabara ya Bondo. Mkiwa na nguvu, msitu wa Kakamega hauko mbali. Ziwa letu nalo ni kubwa. Elfu kumi na tano inawatosha na mnarudi na omena.

MamaMwariki, Jumanne saa 12:15 asubuhi

Asanteni sana. GorogoroMbili, kapu nimeanza kulijaribu leo, Mungu akubariki.

Kaka wa Dunga, nashukuru kwa moyo wako ila lazima iwe Mombasa, na iwe Mtwapa. Hata nyumba nimeshailipia nusu, 9,000. Kwa hiyo si jambo la kubadilisha sasa.

Hazina_ya_Chama, saa 2:20 asubuhi

Habari ya asubuhi kutoka Kakamega. Mimi ni mweka hazina wa chama mwaka wa sita, nikisikia pesa imetoka nauliza imetoka wapi. Jana ulikuwa huna kitu, leo 9,000 imelipwa. Ilitoka wapi? Na baba watoto anajua?

MamaMwariki, saa 4:10 asubuhi

Ni pesa zangu nilikuwa nazo. Tafadhali turudi kwenye swali la matumizi.

Hazina_ya_Chama, saa 4:18 asubuhi

Swali la matumizi ndilo hilo mama. Bajeti isiyotaja pesa zote ni karatasi tu.

MamaMwariki, saa 7:45 mchana

Sawa. Nilizitoa kwenye pesa za karo ya Januari. Lakini nisikilizeni. Januari iko mbali, na karo hailipwi yote siku moja. Novemba zamu yangu ya chama inafika, nitarudisha. Mwenye nyumba alisema watu wanagombania Desemba, nisipolipa ataipa wengine. Ningefanya nini? Baba watoto anajua tunasafiri, anafikiri ni pesa ya chama, na kwa kweli itakuwa ya chama Novemba ikifika.

Mwalimu_Mstaafu, saa 8:30 mchana

Mama, nimefundisha Njoro na Rongai miaka mingi. Kila Januari niliona mzazi amesimama langoni na sanduku, mtoto nyuma yake, karo haijatimia. Mtoto hatazami watu.

Karo ya sekondari za bweni zile zilizokuwa za kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, na muhula wa kwanza unabeba nusu, yaani 26,777. Ongeza sare, godoro, sanduku, viatu. Hivyo vyote vinaulizwa wiki moja.

Ila hapa pananitatiza. Mtoto wako mkubwa ana miaka 12, umri wa sekondari ya juu bado. Ni karo gani ya Januari inayokupa presha hivyo?

Karani_wa_Molo, saa 9:05 alasiri

Mwalimu, umeona nilichokiona. Nami nimekaa na kalamu.

Treni ya Nairobi–Mombasa tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni 1,500. Watoto wa miaka 3 hadi 11 wanalipa nusu. Familia yake: baba, mama na wa miaka 12 ni 4,500. Wa 8 na wa 4 ni 1,500 wote wawili. Jumla 6,000 kwenda, 12,000 na kurudi. Yeye aliandika 15,000. Hiyo 3,000 ya juu ni tiketi ya mtu mzima mmoja kwenda na kurudi. Nani huyo?

Watoto watatu, tiketi za wanne, karo ya mtoto ambaye hayupo. Ndugu zangu, hadithi hii imetungwa. Mwezi uliopita tulimfariji hapa mtu aliyekuwa na ng'ombe mgonjwa, akaja kuomba kutumiwa pesa. Kesho huyu ataweka namba ya simu.

Kinyozi58, saa 9:20 alasiri

Kwani mtu akikosea hesabu ya treni ni tapeli? Mimi hata chenji hunishinda.

GorogoroMbili, saa 9:41 alasiri

Hajaomba hata shilingi. Aliuliza unga na mafuta. Na mtu wa kutunga hangejua uchungu wa kubaki na 150 siku ya mvua. Lakini dada, jibu basi.

Karani_wa_Molo, saa 3:10 usiku

Kimya tangu saa saba mchana. Mimi nimesema.

MamaMwariki, Jumatano saa 11:50 alfajiri

Sikulala. Nimeandika na kufuta mara nyingi. Tafadhali someni mpaka mwisho.

Mtu wa sita ni binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 15, yuko Gredi 9, Januari anaingia Gredi 10, mwanzo wa sekondari ya juu. Sikumhesabu kwa sababu kwenye karatasi za familia hayupo, na kwa sababu nilijua nikimtaja mtauliza pesa ni za nani.

Dada yangu alifariki Aprili mwaka jana. Baada ya matanga ndugu walikaa wakachanga 62,000 za shule ya huyu mtoto, nikapewa mimi niziweke, wote wakiwepo. Ziko kwenye simu yangu. Hapo ndipo nilipotoa 9,000.

Dada alikuwa akifanya kazi ya nyumba Mtwapa. Kila likizo alimwambia binti yake, ya mwaka huu utakuja. Haikuwezekana hata mara moja. Mtoto ana picha ya mama yake amesimama majini, sketi ameishika kwa mkono mmoja. Ameibandika ndani ya jalada la daftari la hesabu, na kila daftari likijaa anaibandua anaihamishia jipya. Kona mbili zimeshachanika.

Akiingia bweni Januari hatutakuwa naye tena kama sasa. Ndiyo maana nikasema Desemba, na Mtwapa. Sijanunua gauni kwa pesa hiyo. Ni yeye anapelekwa. Mniambie kama hilo ni wizi.

Binti_Mumias, saa 1:30 asubuhi

Pole sana kwa dada yako, Mola amrehemu.

Umeuliza, nami nakujibu kwa upendo. Sisi tumefundishwa kwamba anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto tumboni mwake. Wewe hukula, ninakubali. Lakini pesa ile inalipia vitanda vya watu sita kwa usiku tatu, na yatima ni mmoja kati yao. Na yeye mwenyewe hajui. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa.

Mwalimu_Mstaafu, saa 1:55 asubuhi

Pole mama. 62,000 ukitoa 9,000 ni 53,000. Akiitwa shule ya daraja nililotaja, mwaka wake umeshapungukiwa 554, na bado hujanunua hata soksi. Nasema uione tu.

Kinyozi58, saa 2:40 asubuhi

Naomba niseme jambo ambalo sijawahi kuandika hapa. Mimi nililelewa na mama mdogo, Bahati, hapa hapa Nakuru. Baba aliacha baiskeli, ndiyo mali pekee. Siku moja nikatoka shule sikuikuta. Mama mdogo aliiuza, akatununulia chakula wote na mimi nikala. Leo ni mzee, namtunza, nampenda. Lakini ile baiskeli hatujawahi kuizungumzia, na nikiona aina ile barabarani nageuza uso. Angeniambia asubuhi ile kabla sijaenda shule, ningekubali. Nilikuwa na miaka 13, si mtoto wa kutoelewa njaa.

Mwambie.

Hazina_ya_Chama, saa 3:15 asubuhi

Kinyozi, asante kwa hilo.

Mama, nenda na binti peke yenu wawili. Treni 3,000 kwenda, 3,000 kurudi. Zile 9,000 ulizolipa ni usiku tatu tayari, usiongeze hata senti, mwambie mwenye nyumba mnakaa tatu badala ya sita. Nauli nyingine na chakula mkijibana 6,500, nauli ya Desemba ikiwa imepanda. Kwa hiyo unatafuta 12,500 na si 48,000, na hiyo kweli inaweza kutoka kwenye unga, mafuta na lile kapu. Zamu ya chama ikija, kabla hujanunua chochote rudisha 9,000, kisha pesa yote ya mtoto ifungie M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, mpaka Januari, usiione.

Ufuo wa umma hauna kiingilio. Na siku moja mpeleke Likoni mpande kivuko mwende na mrudi. Anayetembea kwa miguu halipi.

Mwana_wa_Dunga, saa 3:22 asubuhi

Wadogo baba yao awalete kwangu Kisumu. Boti nawapeleka mwenyewe, nasema kweli.

MamaMwariki, saa 6:05 mchana

Wawili tu? Wale wengine watalia, nilishawaambia. Wa miaka 8 ameanza kuhesabu siku ukutani kwa chaki. Na mzee atauliza kwa nini yeye abaki.

Hazina_ya_Chama, saa 6:12 mchana

Watalia siku mbili.

Karani_wa_Molo, saa 7:00 mchana

Hesabu sasa imelingana: watu wazima wawili na watoto wakubwa wawili 6,000, wadogo wawili 1,500, mara mbili ni 15,000. Niliandika neno zito jana mbele ya watu, nalirudisha mbele ya watu. Lakini mama, ungemtaja mtoto tangu Jumatatu tusingefika huko.

MamaMwariki, Alhamisi saa 5:20 usiku

Nimemwambia binti. Jioni tulikuwa tunakanda unga wa kesho, yeye anakata madonge mimi nasukuma. Nikamweleza yote, pesa nilizotoa, nyumba, na kwamba naweza kughairi hata sasa akisema hataki. Alinyamaza, akaendelea kukata, madonge yakatoka madogo madogo mpaka nikafikiri analia, lakini hakuwa analia.

Mzee yuko zamu ya usiku. Akirudi asubuhi atanikuta jikoni, naye nitamwambia. Huyo ndiye ninayemwogopa, kwa sababu alikuwepo siku ya matanga na aliongeza 3,000 zake.

Binti aliniuliza swali moja tu: ile nyumba iko mbali kiasi gani na bahari. Nikamjibu mwenye nyumba alisema ni dakika kumi kwa miguu. Akasema mama yake alimwambia ni tano, ukipitia nyuma ya msikiti.