Naomba ushauri: jino la mwanangu limezibwa mzizi, nimwekee kofia (lile gamba gumu la kufunika jino) sasa au nisubiri?
Wakuu habari za saa hizi. Niko Dodoma, Nkuhungu. Dogo wangu ana miaka 9, alianguka na baiskeli kwenye lami jino la mbele la juu likakatika nusu, na ni la ukubwani sio la utoto, mi nikazubaa weee mpaka fizi ikatoa kijipele cha usaha. Daktari akapiga eksirei akasema neva imekufa na mzizi bado mchanga, ncha iko wazi kama mrija wa soda na kuta nyembamba, basi akasafisha, akaweka dawa wiki kadhaa, halafu akaziba ncha na ile simenti yao ya MTA. Maumivu yameisha.

Sasa daktari huyu anashauri lijengwe kwa kompoziti (ile plastiki ngumu ya rangi ya jino) iingie mpaka ndani ya mzizi ipate nguvu, kofia asubiri akue. Mwingine anasema weka kofia sasa hivi, likivunjikia shingoni, pale usawa wa fizi, ndo basi tena. Na hela yenyewe ya mawazo, zabibu mwaka huu hazijanilipa.

Mliopitia hili mlifanyaje? Na mpira nimzuie? Maana nikigeuka tu kashatoka.