Ngazi inateleza kwenye mchanga, saidia fundi akishikilia inatosha?

mdau_iyumbu: Wakuu, saiti iko Iyumbu, Dodoma, ukingo wa paa mita 4.2, ngazi ya alumini mita 5, chini mchanga. Mafundi wanapanda kufunga kofia za bati, zile za kufunika mgongo wa paa. Ngazi inateleza chini, na upepo wa mchana ukianza ndiyo balaa. Mtu akishikilia inatosha?

nondo16: Haitoshi. Anayeshikilia hazuii kichwa cha ngazi kisihame pembeni, na mwenzake akidondoka anamdondokea yeye.

Ikiteleza chini, mara nyingi mguu wake uko mbali mno na ukuta. Ukiubana mno ukutani, inapinduka nyuma. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu utoke mita 1. Kwako ni kama mita 1.05. Kupima bila futi: gusisha vidole vya miguu kwenye miguu ya ngazi, nyoosha mikono usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio, mwinamo upo sawa.

Mchangani laza ubao wa inchi 2x8, upigilie kipande cha mbao nyuma ya miguu ya ngazi, kisha uzuie ubao kwa vigingi. Juu funga kamba pande zote mbili kwenye kenchi (fremu ya mbao ya paa). Kamba ishike nguzo mbili za pembeni za ngazi, siyo kipandio.

Ila ngazi yenyewe ni fupi. Ipite ukingo kwa mita 1 ili mtu apate pa kushika akihamia kwenye bati. Hapo unataka kama mita 5.4, ya kwako inabakiza sentimita 65 tu.

chuma_cha_reli: Na usiibadilishe na ngazi ya mirunda, ile ya miti ya kupigilia. Jua la Dodoma linakausha mti, misumari inalegea, na kipandio kilichopigiliwa kwa mbele bila kukatiwa pengo la kukaa kwenye mti kinabebwa na misumari peke yake. Bati zivutwe kwa kamba, asipande nazo mkononi. Upepo ukikamata bati, mtu anaondoka nalo.

mdau_iyumbu: Akianguka je? Kibarua wa siku, hana mkataba.

afya_kazini: Usimnyanyue wala kumkalisha, hata akisema yuko sawa. Shika kichwa kisigeuke, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Akitapika, mviringishe mwili wote kwa pamoja, watu watatu.

Kibarua naye ni mfanyakazi. Mwajiri anatoa taarifa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ndani ya siku 7, na mchango wa mfuko ni wa mwajiri, haukatwi kwenye posho yake. Andika majina ya walioona, piga picha ngazi ilivyo kabla haijaguswa. Kwenye saiti nyingine ngazi inaondolewa kwanza, majeruhi baadaye.