Redio zinawazika wasanii wakongwe wakiwa hai, halafu zinatuambia "wamechuja"

Wakuu, hii hukumu ya "fulani kachuja" imenichosha. Mtangazaji anaitoa hewani saa tatu asubuhi, dakika tano baadaye anapiga wimbo wa huyo huyo fulani wa mwaka 2004, simu zinamiminika studio, na bado haoni tatizo. Wimbo mpya wa msanii huyo umeshaletwa, umeshaingizwa kwenye kompyuta, meneja wa muziki wa kituo ameshausikiliza, na hautapigwa. Kisha watu humu ndani wanaandika kwamba jamaa kaishiwa mashairi.

Hajaishiwa. Ametolewa, na namna anavyotolewa inajulikana hatua kwa hatua. Wengi mnadhani ni bifu kati ya msanii na mtangazaji. Bifu zipo na kubaniwa kupo, lakini hata pasipo bifu lolote, upangaji wenyewe wa nyimbo umekaa kwa namna ambayo msanii akishavuka umri fulani hana pa kuingilia.

Chukua saa moja ya kituo cha muziki wa vijana. Ondoa matangazo ya biashara, habari kwa ufupi, jingo na porojo za studio. Zinabaki nyimbo kama 12. Kwenye kituo kikubwa nyimbo hizo hazitoki kichwani mwa dijei, zinapangwa na programu za kompyuta kama Selector au MusicMaster, kwa makundi: zinazotamba sasa, zinazopanda, mpya kabisa, zilizoshuka kileleni miezi michache iliyopita, na za zamani. Kundi la juu likiwa na nyimbo 6 na likipewa nafasi 2 kila saa, kila wimbo unarudi baada ya saa 3. Hiyo ni mara 8 kwa siku, mara 56 kwa wiki. Ndiyo maana kuna ngoma unaichukia wiki ya pili lakini unaijua neno kwa neno. Kundi la nyimbo mpya kabisa linapata nafasi moja au mbili kwa saa, na wiki nzima zinaingizwa mpya mbili tatu tu. Mlango wenyewe ndio huo, na nje yake kuna foleni ya makinda wenye lebo nyuma yao.

Sasa sikieni jambo ambalo mashabiki hawaambiwi. Programu hizo zina kanuni ya kumtenganisha msanii na yeye mwenyewe: akishasikika, asirudi ndani ya muda uliowekwa, tuseme dakika 90. Kinda mwenye wimbo mmoja haimgusi. Mkongwe ana nyimbo sita za zamani ambazo kituo hakiwezi kuziacha kwa sababu zinapendwa. Kila mmoja ukipangwa unafunga dakika 90 kabla yake na dakika 90 baada yake, yaani saa 3. Zikipigwa nne kwa siku, zikiwa zimetawanyika, saa 12 za siku zimefungwa kwa wimbo wake mpya. Unasukumwa hadi saa nane usiku. Msanii anazibwa na nyimbo zake mwenyewe! Na dawa yake ni kazi ya dakika mbili: meneja wa muziki anazipumzisha zile za zamani kwa wiki nne, au anaupa wimbo mpya kipaumbele kwenye kanuni. Hawafanyi, kwa sababu ule wa 2004 hauwagharimu lolote na una uhakika wa simu.

Halafu kuna kupima. Vituo vya Marekani vimekuwa vikipima nyimbo kwa kuwachezea wasikilizaji vipande vya sekunde kama kumi, kwa simu au mtandaoni, na kuuliza: unaujua? unaupenda? umekuchosha? Kipimo kina kasoro mbili zinazomuua mkongwe. Kwanza, wimbo ambao haujapigwa vya kutosha haupimiki, maana watu hawautambui kwa kipande hicho. Kwa hiyo wimbo unatakiwa upigwe ndipo uonekane kama unastahili kupigwa. Pili, wanaoulizwa ni wa rika ambalo kituo kinalitaka. Mwenye miaka 42, aliyekua na sauti ya msanii huyo, hapigiwi simu. Matokeo yanatoka: "haufahamiki." Bila shaka haufahamiki, mmeufungia kabatini!

Kwa nini rika hilo? Kwa sababu redio ya biashara haiuzi muziki, inauza masikio kwa watangazaji wa bidhaa, na masikio hayo yanauzwa kwa mafungu ya umri. Marekani mafungu yanayonunuliwa sana ni miaka 18 hadi 34 na 25 hadi 54. Lakini msidhani ni tamaa ya biashara peke yake. Radio 1 ya BBC haina tangazo hata moja la biashara, na inafanya yale yale kwa sababu imekabidhiwa vijana: walengwa wake ni wa miaka 15 hadi 29.

Angalieni rekodi ya kituo hicho. Mwaka 1996 bendi kongwe ya roki, Status Quo, walikipeleka mahakamani kwa kutopiga wimbo wao, wakashindwa. Mwaka 2012 Robbie Williams, akiwa na miaka 38 tu, alitoa "Candy". Radio 1 haikuuweka kwenye orodha yake, na wimbo ukaingia namba 1 Uingereza. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Madonna na "Living for Love", akiwa na miaka 56, naye akalalamika waziwazi kwamba anabaguliwa kwa umri. Mwaka 2023 Kylie Minogue alitoa "Padam Padam" siku chache kabla ya kutimiza miaka 55. Radio 1 ikanyamaza hadi wimbo ulipopanda wenyewe kwa mitandao na vilabu, ndipo mwezi Juni ikauingiza. Februari 2024 wimbo huo ukachukua Grammy. Kituo kilikuwa na masikio ya kuusikia tangu siku ya kwanza, kilichokosekana ni ruhusa ya cheti cha kuzaliwa.

Na anayetaka ushahidi mmoja usio na njia ya kuukwepa, achukue wa Cliff Richard, mwimbaji mkongwe wa Uingereza. Mwaka 1998 alikuwa na miaka 58 na redio za kwao hazikumtaka. Wimbo wake "Can't Keep This Feeling In" ukasambazwa kwenye vituo katika mchanganyiko mpya, kwa jina bandia la Blacknight. Vikaupiga. Sauti ile ile, koo lile lile. Baadaye ikatangazwa ni nani, na wimbo ukafika namba 10. Kwa hiyo hoja ya "ladha yake imepitwa na wakati" isiletwe humu tena. Jina ndilo lililopitwa, masikio hayakuwa na shida.

Hasira yangu kubwa ni kwetu Tanzania. Sisi tumeiga nusu ya mfumo, tena nusu mbaya. Uingereza ukitolewa Radio 1 unaenda Radio 2, ambayo ni kituo chenye wasikilizaji wengi kuliko vyote nchini humo, na kinapiga nyimbo MPYA za wakongwe. Marekani kuna vituo vya watu wazima ambavyo vinapokea wimbo mpya wa mtu wa miaka 45. Kwetu akitolewa kwenye orodha ya vijana anaangukia wapi? Vipindi vya zilipendwa ni vya muziki wa dansi. Vipindi vya Bongo Fleva ya zamani vipo na vina wasikilizaji, lakini vinapiga nyimbo za zamani tu. Prof. Jay, Juma Nature, Dully Sykes, TID, wote wanakumbukwa kwa upendo mkubwa kila wikiendi, na hakuna kipindi cha saa moja kinachouliza wana nini kipya. Lady Jaydee alipotoa "Ndi Ndi Ndi" mwaka 2016, miaka zaidi ya kumi tangu aanze kutamba, watu waliuimba mitaani. Kwa hiyo masikio yapo. Nafasi ndiyo haipo.

Wanawake ndio wanaoumia mapema zaidi. Mwanamume wa miaka 40 anaitwa "legendari", mwanamke wa miaka 33 mwenye watoto wawili anaulizwa hewani kama bado anaimba.

Kuhusu "hela ya promo", tusizunguke. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuhusu hongo za kupigiwa nyimbo, na huko kuna sheria kali tangu 1960. Sisi hapa jambo hilo linasemwa vijiweni kama bei ya nyanya. Hesabu ya lebo ni rahisi: kinda amesaini mkataba wa miaka mingi na lebo inakula asilimia kubwa ya shoo zake, kwa hiyo kila shilingi inayowekwa redioni itarudi. Mkongwe ameshatoka kwenye mkataba, anamiliki nyimbo zake, hana mtu wa kuzunguka vituoni. Nani amlipie?

Kisha anashauriwa upuuzi. "Tafuta kiki." Mtu wa miaka 41 mwenye albamu nne atengeneze ugomvi wa uongo au uchumba wa uongo ili ahojiwe, na akihojiwa wanamuuliza habari ya uchumba, wimbo unapigwa sekunde 40 chini ya maneno. Au "fanya kolabo na dogo". Sawa, lakini angalieni jina la nani linaandikwa kwanza kwenye faili, kwa sababu programu inahesabu kwa jina hilo, na wimbo unakuwa wa dogo.

Na ile hoja ya "nchi yetu ni ya vijana". Ni kweli, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na walio wengi wako chini ya miaka 35. Lakini aliyekuwa na miaka 16 mwaka 2002, wakati Bongo Fleva inashika nchi, leo yuko kwenye umri wa kununua saruji, bati, bima na kulipa ada. Hayo matangazo ya saruji na benki yanayojaza kipindi chenu cha jioni mnamtangazia nani, wa kidato cha pili?

Kwa mameneja wachache wanaobaki na wakongwe, fanyeni haya. Tengenezeni toleo la redio lisilozidi dakika 3 na sekunde 20, kiitikio kifike kabla ya sekunde ya 45, maneno makali yaondolewe kabisa badala ya kuwekewa mlio. Pelekeni WAV, au MP3 ya 320, faili likiwa na jina la msanii, wimbo, mtunzi na ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi), siyo "final mix 3". Pelekeni wiki tatu nne kabla ya siku ya kutoka. Anzeni na vituo vya Mwanza, Mbeya, Dodoma na Tanga, ambako kumpata meneja wa muziki ni rahisi zaidi. Na mwombeni kwa maandishi apumzishe nyimbo za zamani za msanii kwa wiki nne. Wengi hawajawahi kuombwa hivyo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Aliyeuliza atajuaje kama wimbo unapigwa kweli au anadanganywa: usimwulize mtangazaji. Omba logi ya siku saba, yaani orodha ya vyote vilivyorushwa hewani, inayotoka kwenye kompyuta ya studio ikiwa na saa na dakika. Tenga yaliyopigwa kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi na kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Wimbo "uliopigwa mara 20 kwa wiki" ukiwa na mara 18 baada ya saa sita usiku, huo haujapigwa. Na logi hiyo hiyo iwekeni kwenye faili, kwa sababu siku ya kudai mirabaha ndiyo itakayoulizwa.