Kiziduo ni kitu gani hasa, na je, ni sawa na dondoo?

Swali
Ndugu zangu, ninaandika ripoti ya jaribio la kutoa kafeini kwenye majani ya chai. Nimeandika kwamba fuwele nyeupe nilizopata mwishoni ndizo kiziduo, lakini msimamizi wangu amelikata neno hilo kwa wino mwekundu bila kueleza sababu. Je, nilipaswa kuandika "dondoo"?

Jibu la 1
Neno ni sahihi, ila umeliweka mahali pasipo pake. Kuzidua ni kutoa dutu ndani ya kitu kwa kutumia kiyeyushi, na kiziduo ni chote ambacho kiyeyushi hicho kimeondoka nacho, yaani aghalabu ni mchanganyiko. Ulipochemsha majani, yale maji ya hudhurungi tayari yalikuwa kiziduo cha maji, chenye kafeini, tanini (dutu zinazoipa chai ukakasi) na mengineyo. Ulipoyatikisa pamoja na daikloromethani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, kwenye faneli ya kutenganishia, tabaka zito lililotuama chini, ambalo karibu halina rangi, lilikuwa kiziduo cha pili, kwa sababu tanini zikishageuzwa chumvi kwa sodiamu kaboneti hubaki katika maji yaliyo juu. Fuwele zilizosafishwa baada ya kiyeyushi kuvukizwa ni kafeini, basi ziite kafeini.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, na ninasisitiza kwamba kiziduo kisichotajiwa kiyeyushi hakimwambii msomaji lolote. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alitumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, kwa kuwa joto kali liliharibu nguvu ya mmea wa artemisia dhidi ya malaria. Kiziduo cha etha kilionyesha nguvu hiyo mwaka 1971, ilhali artemisinini yenyewe, yaani dutu ya mmea huo inayopambana na malaria, ilitengwa mwaka 1972. Hapo utaona kwamba kiziduo na dutu safi vilitofautiana hata kwa tarehe.

Jibu la 3
Kuhusu "dondoo", mimi ningeliacha. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku anavyodondoa punje, na ndiyo maana dondoo hufaa kwa sehemu iliyochukuliwa katika maandishi. Kiyeyushi hakiokoti hivyo, bali huchukua kwa pamoja kila kinachoyeyuka ndani yake.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: "Kiziduo cha daikloromethani kilivukizwa, na kafeini iliyobaki ikasafishwa na kupimwa."